Fundi na Sindano ya Jumamosi

"Mimi na sindano tumenyonya ziwa moja. Kama kuna mtu mji huu mzima anayeijua sindano kunishinda, aje tukae meza moja, nimvulie kofia."

Maneno hayo aliyasema Fundi, mshonaji wa nguo, ndani ya chumba cha kliniki ya watoto, akiwa amekalia kiti kilichotengenezwa kwa ajili ya mtoto wa chekechea, magoti yamemfika kidevuni. Kofia yenyewe hakuwa nayo. Na wewe usiharakishe kumwonea wivu, maana maneno yale hayakumaliza mwaka kabla hayajamrudia, kama mate ya mtu anayetema huku amelala chali.

Muuguzi aliyekuwa mbele yake, mama mnene mwenye sauti ya kiongozi wa kwaya, hakubabaika. Mkononi alishika kitu kinachofanana na kalamu ya wino, nene, yenye kisindano kichwani.

"Fundi, hii si ya kushonea."

"Sindano ni sindano, sista. Tofauti ni kinachoshonwa."

"Hapa hatushoni mtu."

"Hujaniona nikikasirika."

Kando yake alicheka mpwa wake, binti wa dada yake, ambaye dunia nzima ilimwita Kifungo. Jina alilipewa na Fundi mwenyewe, siku ya kwanza alipomwona akiwa amefungwa kwenye kanga: mdogo, wa mviringo, na ukimpoteza nyumba nzima inapiga magoti kumtafuta. Ni jina tamu ukiwa na miaka mitatu. Lakini Kifungo alifika miaka kumi huku akivaa sketi za mtoto wa miaka sita, na hapo jina likaota ncha. Kwenye mstari wa shule alisimama mbele kabisa, pamoja na watoto wanaong'oka meno. Alikuwa na hamu ya kupiga ngoma kubwa katika bendi ya shule. Siku alipoivaa, mwalimu wa bendi alidhani ngoma imeanza kutembea yenyewe. Watu walicheka. Kifungo naye alicheka, kisha akaenda chooni akakaa huko mpaka kengele ikagongwa.

Ndipo mama yake akasema imetosha, na safari za kliniki zikaanza.

Daktari wa homoni hakuwa mrefu pia. Alipanda kistuli kufikia rafu yake mwenyewe. Siku ya kwanza alimwambia Kifungo, "Unaniona? Mimi sina ugonjwa. Baba yangu alikuwa hivi, mama yangu alikuwa hivi, ningekuwa mrefu wangeanza kuulizana maswali. Ufupi si ugonjwa. Tunachotafuta ni kama mwili wako umesimama mahali ambapo ungetakiwa kuwa unatembea."

Walimpima damu asubuhi akiwa hajala, wakampima tena, wakampiga picha ya eksirei ya mkono wa kushoto. Majibu yalipokuja, Daktari aliyaeleza kwa lugha ambayo hata Fundi, aliyelala vipindi vyote vya baiolojia, aliielewa.

"Chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama punje ya kunde. Ukiwa umelala, yenyewe ndiyo inaamka kwenda kazini. Inamwaga homoni ya kukua kwenye damu. Homoni ikipita kwenye ini, ini linamtuma mjumbe wa pili, na huyo anashirikiana nayo kwenda kuigongea mifupa: jamani amkeni, ongezekeni. Sasa tezi ya huyu binti ni mlinzi anayelala zamu. Mifupa inangoja hodi, hodi haiji."

"Basi tumfukuze kazi," Fundi akasema.

"Hatumfukuzi. Tunamletea msaidizi kutoka nje." Daktari akaeleza kwamba zamani msaidizi huyo alikuwa sindano ya kila siku iendayo kwa Mungu. Watoto walichoka, wazazi walichoka, siku zikaanza kurukwa, na dawa inayorukwa haijengi mfupa. Lakini watafiti walikuwa hawajalala: wametengeneza homoni inayojiachia mwilini taratibu, mtoto anachomwa mara moja tu kwa wiki, na tafiti za miaka ya karibuni zimeonyesha inakwenda bega kwa bega na ile ya kila siku. "Kazi ni moja tu," akamalizia. "Nyumbani awepo mtu mmoja wa kumchoma. Mama, utaweza?"

Mama yake Kifungo alikuwa dobi katika hoteli, mwanamke aliyeweza kumnyamazisha meneja kwa kumtazama tu. Lakini sindano! Aliiona ile kalamu mkononi mwa Daktari, akashuka taratibu ukutani kama shuka lililokatikiwa na kamba. Alipozinduka alimwonyesha mdogo wake kwa kidole.

Na ndiyo maana siku ya mafunzo Fundi alikuwa pale peke yake na Kifungo, anatamba.

Muuguzi alianza kufundisha. Alichukua kipande cha sponji, akaonyesha jinsi ya kuvika kisindano, jinsi ya kuzungusha kitako cha kalamu mpaka dozi ionekane kidirishani. Fundi alifuatilia vizuri mpaka macho yake yalipofika kwenye kola ya sare ya muuguzi. Kola ile ilimtesa. Upande mmoja ulikuwa umekaa, upande wa pili umepinda kama sikio la mbuzi.

"Sista, hiyo kola umeshonewa na nani? Alikuwa anakudai?"

"Nisikilize. Ukishachoma, unabonyeza mpaka mwisho, halafu unashi—"

"Maana mtu hawezi kupindisha hivyo kwa bahati mbaya. Ile ni chuki."

Kifungo alijiziba mdomo. Muuguzi alijishika kola bila kutaka, akataka kucheka, akajizuia, akamaliza sentensi yake ambayo Fundi hakuisikia. Kisha akampa kalamu isiyo na dawa ajaribu mwenyewe. Fundi akaidunga ile sponji, chwa! ndani, nje, bila mkono kutikisika hata kidogo.

"Mkono unao," muuguzi alikiri, huku mlango ukigongwa na mtu akimwita wodini. "Ila usiwe na haraka. Umeelewa yote?"

"Kabla hujaanza."

Basi Jumamosi zikaanza. Saa za asubuhi, kabla wateja hawajafika, Kifungo alikaa kibandani kwa mjomba wake, juu ya meza ya kukatia nguo, miguu ikining'inia karibu na cherehani. Fundi alitoa kalamu aliyoichukua kwenye friji ya mama yake Kifungo, akanawa mikono kama daktari mpasuaji, akapangusa paja kwa pamba, akachoma. Chwa! Ndani, nje. Usingepata hata nafasi ya kusema aka.

"Umesikia?"

"Sijasikia."

"Nani fundi?"

"Wewe, Mjomba."

"Sema tena, yule mshonaji wa jirani hajasikia."

Kila mara, pale sindano ilipotoka, palibaki tone. Si dogo. Tone lililokaa juu ya ngozi likang'aa kama jicho la samaki, kisha likaanza kutambaa kuelekea gotini. Fundi alilifuta na kipande cha kitambaa cha pamba.

"Hilo nini, Mjomba?" Kifungo aliuliza mara ya kwanza.

"Jasho la dawa. Ikishashiba ndani, inafurika kidogo."

Utamlaumu? Mtu huyu tangu ujana wake alikuwa anafundishwa jambo moja na bosi aliyemlea kwenye kazi: sindano haikai kwenye kitambaa. Ikikaa inaacha tundu, na tundu kwenye hariri ni msiba. Sindano nzuri inaingia na kutoka kabla kitambaa hakijajua kimechomwa. Alikuwa amechoma hivyo mabegani, kiunoni, kwenye makoti na magauni ya maharusi, na hakuna aliyewahi kulalamika. Sasa ngozi ya mpwa wake ni nini kama si hariri?

Ilipopita miezi kadhaa wakarudi kliniki. Kifungo alisimama kwenye ubao wa kupimia urefu, bila viatu, visigino ukutani, nywele zimelazwa. Muuguzi akateremsha kile kibao cha juu kikagusa kichwa. Daktari akatazama, akakunja mdomo upande.

"Amesogea kidogo sana. Kama asiyetumia kitu. Lakini tusiwe na pupa, wengine huanza polepole. Mwendelee."

Njiani kurudi walipita mbele ya duka la vioo. Aliusimamisha mwili wake mbele ya kioo, akajitazama toka juu mpaka chini, safari fupi, akaendelea kutembea.

Fundi akaumiza kichwa siku nzima, na akili ya fundi ikishindwa kwingine kote hurudi kwenye nguo.

Mchana mmoja Kifungo alitoka shule akaja kibandani kwa mjomba wake, akabadili sare, akajilaza juu ya majora ya vitambaa pembeni na usingizi ukamchukua, au ndivyo Fundi alivyoona. Alimtazama mara mbili. Kisha akaitwaa ile sketi ya shule, akafumua upindo wake wote, akaukunja juu kwa upana wa kidole, akaushona upya kwa uzi wa rangi ileile. Ule mstari wa zamani, ambao ungemsaliti, aliulowesha kwa maji yenye siki kidogo, akapiga pasi juu ya kitambaa chepesi mpaka ukafutika kama haujawahi kuzaliwa. Kazi safi! Laiti kungekuwa na zawadi ya uongo ulioshonwa vizuri, angeitwa jukwaani.

"Si uongo," alijiambia, akiitundika sketi mahali pake. "Ni kumtia moyo. Moyo ukirefuka, mwili utaona aibu utafuata."

Jumatatu asubuhi mama yake Kifungo alipiga kelele mpaka jirani akazima redio.

"Wee! Sketi imepanda! Njoo uone mwenyewe, imepanda! Mwanangu anakua!"

Alimnyanyua mtoto, akamzungusha, akamtua, akamwita mdogo wake kwa simu, akalia kidogo, akakemea simu kwa kukata. Kifungo aliitazama sketi. Akaipapasa ukingo wake kwa kidole gumba.

"Eeh," akasema. "Imepanda."

Na baada ya hapo, msomaji, ungefanyaje? Uongo ni kitambaa kilichokatwa mshazari: ukikigusa tu kinavutika. Mama alifurahi, hoteli nzima ikajua, mpwa akawa anapokea pongezi, na Fundi akapokea zake kama mtu aliyeleta mvua. Sketi ikapanda tena. Ikapanda mara ya tatu. Viatu pekee ndivyo vilivyokataa kushiriki. Vilikuwa vilevile, na vilimtosha vilevile.

"Miguu hukua mwisho," Fundi alimwambia dada yake alipouliza.

"Nani kasema?"

"Sayansi."

Kisha ikafika siku ya mapitio makubwa. Safari hii walikwenda wote watatu, maana Daktari alisema anataka kumwona mama pia, na daktari akitaka kumwona mama pia, hata fundi mwenye majigambo hutokwa jasho kwapani.

Waliingia. Kifungo akapimwa urefu, akapimwa tena, damu yake ilikuwa imetangulia wiki iliyopita, na eksirei ya mkono ilikuwa wazi kwenye kompyuta, vidole vyeupe kwenye giza. Daktari aliizungusha skrini ili wote waone.

"Zamani picha hii tungekaa nayo na kitabu, tukilinganisha mfupa kwa mfupa. Siku hizi kompyuta inaisoma kwa kufumba na kufumbua, mimi ninaihakiki. Inasema mifupa ya Kifungo ni ya mtoto mdogo kuliko umri wake. Hiyo ni habari nzuri. Mnaona mistari hii myeusi karibu na vifundo? Hapo ndipo mfupa unapokulia, na bado pako wazi. Mlango haujafungwa."

"Ahsante Mungu," mama akasema.

"Habari mbaya ni kwamba hakuna anayeupitia. Urefu haujasogea. Na yule mjumbe wa ini niliyewaambia, nimempima kwenye damu: yuko chini kama siku ya kwanza. Kama vile mtoto hajawahi kupata dawa." Alivua miwani. "Friji yenu inafanya kazi?"

"Inagandisha hata mawazo," mama akajibu.

"Mmewahi kuruka wiki?"

"Daktari!" Fundi alijiweka sawa kitini. "Mimi Jumamosi siruki. Hata nilipoumwa kichwa nilichoma."

"Basi naona mwili wake hauisikii dawa hii. Wapo watoto wa namna hiyo, wachache. Na sipendi kumchoma mtoto bure. Tutaisimamisha."

Kifungo hakulia. Alitazama tu vidole vyake vyeupe kwenye skrini, akavihesabu kwa midomo bila sauti, kama anayehakikisha vyote vipo.

Mama ndiye aliyelipuka. "Haiwezekani! Daktari, mtoto anakua! Mimi mwenyewe nimeona kwa macho haya. Sketi imempanda mara tatu! Mwambie wewe, si ndiye fundi?"

Wote wakamgeukia Fundi. Hapo alipokuwa pana jina: njia panda. Akisema kweli, dawa inasimamishwa na dada yake anamla nyama. Akisema uongo, dawa inaendelea, na labda, labda, siku moja itaamka.

"Ni kweli," akasema. "Sketi imepanda. Na nguo, Daktari, haijui kudanganya."

"Ubao wangu wa ukutani nao haujui."

"Labda ukuta umezama. Majengo haya ya zamani."

Muuguzi aliyekuwa mlangoni alikohoa. Daktari hakucheka. Alimtazama Fundi, akagonga meza kwa ncha ya kucha, kama mtu anayesikiliza injini yenye mlio usioeleweka.

"Kuna kitu hakikai," akasema. "Sketi inasema hivi, damu inasema vile. Kabla sijaandika kusimamisha, naomba kitu kimoja. Sista, leta sponji ile. Fundi, nionyeshe unavyomchoma."

"Kumbe ni hilo tu!" Rangi ikamrudia Fundi usoni. Hapa ndipo nyumbani kwake. Alipewa kalamu yenye dozi kamili, akavika kisindano, akazungusha kitako, akakunja mikono ya shati. "Sogeeni. Watu hulipa kuona mambo kama haya."

Chwa! Ndani, nje.

Alinyanyua kalamu juu, akangoja makofi.

Hakuna aliyepiga. Macho yote yalikuwa kwenye sponji. Juu yake palikaa tone, na baada yake, kutoka kwenye ncha ya kalamu iliyokuwa bado hewani, likadondoka jingine, na jingine, tii, tii, juu ya meza safi ya Daktari.

"Mungu wangu," muuguzi akanong'ona.

"Na hilo ni nini?" Daktari akauliza kwa upole wa kutisha.

"Ni... jasho la dawa."

"Jasho la nini?"

"Ikishashiba ndani," Fundi aliendelea, sauti ikipungua kila neno, "inafurika kidogo."

Daktari alivaa miwani, akavua tena. Mabega yake yalianza kutikisika. Alijaribu kujikaza, akashindwa, akacheka mpaka akashika ukingo wa meza, na muuguzi naye akashika mlango.

"Fundi! Hiyo ndiyo dawa! Dawa yenyewe! Ukishabonyeza unaiacha sindano ndani, unahesabu taratibu mpaka kumi, ndipo unatoa. Ni maji mazito kidogo, yanahitaji muda kuingia. Wewe ulichofanya miezi yote hii ni kumpaka mtoto mafuta ya paja!"

"Lakini sindano haikai kwenye kitambaa..."

"Huyu si kitambaa!"

"Nilimwambia," muuguzi akasema, akiishika kola yake, ambayo kwa kweli ilikuwa bado imepinda. "Nilimwambia ashikilie. Yeye akawa anauliza nani kanishonea."

Fundi alikaa chini. Kile kiti cha chekechea kilimpokea bila huruma. "Kwa hiyo nimempotezea muda," akasema. "Mlango ulikuwa wazi na mimi nimesimama hapo katikati."

"Umempotezea miezi," Daktari alimjibu, na sasa alikuwa ameacha kucheka, ila uso wake ulikuwa umechangamka kuliko walipoingia. "Miaka hujaigusa. Hebu nisikilizeni vizuri. Dakika chache zilizopita nilikuwa naamini mwili wa binti huyu umeikataa dawa. Kumbe haujaionja! Hii ndiyo habari bora niliyopata mwezi huu. Mifupa iko wazi, dawa iko kwenye friji, na kosa tumelijua. Hatusimamishi kitu. Tunaanza."

Mama alipiga kofi moja la furaha, kisha akaona muuguzi akitoa kalamu nyingine kwenye kiboksi cha baridi, akageukia ukuta haraka na kuanza kusoma bango la kunawa mikono kwa sauti.

"Nani atachoma?" muuguzi akauliza.

Kifungo alimtazama mjomba wake. "Yeye. Mimi nitahesabu."

Fundi alisimama. Alipangusa, akachoma, akabonyeza mpaka mwisho, na kila mshipa wa mwili wake ukamwambia toa, toa, utaacha tundu. Hakutoa.

"Moja," Kifungo akahesabu. "Mbili. Mjomba, pumua. Tatu."

Alihesabu kwa madaha yote ya dunia, kama mpiga ngoma anayeongoza bendi, na alipofika saba akapunguza mwendo makusudi ili kumtesa. Kumi ilipofika Fundi akatoa sindano. Ngozi ilikuwa kavu. Hakuna jicho la samaki, hakuna jasho, hakuna mafuta.

"Umesikia?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Nimesikia. Leo imeuma kidogo."

"Pole, mama."

"Afadhali iume. Ina maana imeingia."

Daktari alipanga tarehe ya kurudi, akaagiza damu ipimwe mapema zaidi safari hii ili wamwone yule mjumbe akipanda, na akasema kwa uhakika wa mtu aliyeona watoto wengi wakipita kwenye ubao ule kwamba mwaka ukiisha watahitaji sketi mpya, si ya kukopa matumaini. Mama aligeuka kutoka ukutani, macho yamejaa machozi. Muuguzi alikuwa anafunga kiboksi. Kila kitu kilikuwa kimekwisha vizuri, watu wanatafuta mikoba yao, Fundi ameanza kurudisha mabega mahali pake, na tayari alikuwa anatunga kichwani jinsi ya kuwasimulia wateja kwamba yeye ndiye aliyegundua kosa.

"Ila kuna kitu kimoja," Daktari akasema, amesimama na mkono kwenye kitasa. "Kama dawa haikuingia hata tone, sketi ilipandaje?"

Mama alisimama na mkoba nusu begani. Akamgeukia mdogo wake polepole, kwa yale macho ya kumnyamazishia meneja.

"Eeh," akasema. "Ilipandaje?"

"Vitambaa vya siku hizi, Dada," Fundi akajibu upesi. "Vikioshwa vinarudi. Si unajua mwenyewe."

"Mimi ni dobi. Kitambaa kile hakirudi hata ukikichemsha na mawe."

"Basi ni pasi. Pasi ikiwa na moto sana..."

"Mjomba," Kifungo akamkatiza. Alikuwa ameinama anafunga kamba ya kiatu, na hakuinua hata kichwa. "Siku ile juu ya majora sikuwa nimelala."

Fundi akageukia bango la kunawa mikono.

"Nilikuona unafumua. Mara zote tatu. Ulikuwa unapiga mluzi. Na ile siki ilinipanda puani, nikajibana nisipige chafya."

"Kwa hiyo ulijua!" mama akasema. "Ulijua hukui, ukanyamaza miezi yote? Kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

Kifungo alikaza fundo la kiatu, akasimama, akajikung'uta sketi.

"Alikuwa anafurahi sana, Mama. Nikaona nimwache tu, akikua ataacha."